Anwani ya kumwonyesha mwenye kazi: kutoka blogu ya Rumangabo hadi simu za leo

KALENGERA – Tangazo la kazi likitoka Goma, siku hizi linafika Kalengera kwa WhatsApp kabla halijabandikwa kwenye ubao wowote. Karatasi zinazoombwa zinajulikana: CV, barua ya kuomba kazi, nakala ya diploma. Lakini kwa kazi za uandishi na mawasiliano kuna jambo jingine linalowasumbua vijana wengi: mwombaji aonyeshe maandishi yake ambayo yamekwisha kutoka.

Kwa mwandishi wa redio, hilo ni tatizo kubwa. Sauti inatoka asubuhi, wakaaji wanaisikia wakielekea shambani, saa sita imekwisha kusahaulika. Mtu anaweza kuwa na miaka kumi ya kazi nzuri na asiwe na ukurasa hata mmoja wa kuweka mbele ya mwenye kazi. Basi anaambiwa na rafiki: fungua blogu. Hapo ndipo maswali yanaanza. Afungue wapi? Blogger, WordPress, Medium, LinkedIn, au abaki na Facebook anayoijua? Ipi itaonekana ya mtu wa kazi, na ipi itaonekana ya mtoto anayecheza?

Jibu la swali hilo liko pia katika historia ya barabara hii hii inayotoka Goma kuelekea Rutshuru.

Blogu iliyotoka Rumangabo

Si mbali na Kalengera, kwenye barabara hiyo, kuna Rumangabo, makao makuu ya Mbuga ya Taifa ya Virunga. Mbuga hiyo ilianzishwa mwaka 1925, wakati wa Wabelgiji, ikiitwa Mbuga ya Albert. Mwaka 2007, wakati vita kati ya jeshi na waasi wa Laurent Nkunda ilipokuwa ikizunguka sekta ya gorila, walinzi wa mbuga walianza kuandika habari zao kwenye intaneti. Waliandika katika kurasa za WildlifeDirect, shirika lililoanzishwa na Richard Leakey wa Kenya, ambalo lilitoa nafasi kwa watu wanaolinda wanyama porini waandike wenyewe mambo wanayoyaona.

Mmoja wa walioandika ni Paulin Ngobobo, aliyekuwa mkuu wa sekta ya kusini. Walinzi walieleza doria, mitego waliyoiondoa, na biashara ya makala iliyokuwa ikimaliza msitu. Mwezi wa saba mwaka huo huo, tarehe 22, gorila kadhaa wa familia ya Rugendo waliuawa kwa risasi, akiwemo dume kubwa Senkwekwe. Picha za wakaaji na walinzi wakimbeba dume huyo juu ya machela ya miti, zilizopigwa na Brent Stirton, zilizunguka dunia. Watu wa mbali walipotafuta kujua zaidi, waliwakuta walinzi wenyewe, wakiandika kwa majina yao.

Mwaka uliofuata, tarehe 26 mwezi wa kumi, waasi wa CNDP waliiteka Rumangabo. Walinzi walikimbia, wengi wakipita msituni kwa miguu kuelekea Goma. Emmanuel de Merode, aliyekuwa amechukua uongozi wa mbuga miezi michache kabla, alieleza mambo hayo kwenye blogu, na mwezi wa kumi na moja akaeleza jinsi alivyovuka mstari wa vita kuzungumza na waasi ili walinzi warudi kazini. Wasomaji waliofuata habari hizo Ulaya na Marekani walituma michango. Kwa walinzi waliokuwa wamepoteza nyumba na vyombo, ukurasa wa intaneti ulikuwa umewaletea msaada.

Wasomaji hao hawakuwa waajiri, lakini walijiuliza swali lile lile la mwajiri: huyu anayeandika ni nani, na je, nimwamini? Waliamini kwa sababu nne ambazo hazihusu rangi ya ukurasa wala umbo la herufi. Kila habari ilikuwa na jina la mtu na kazi yake. Kila habari ilikuwa na tarehe. Habari zilitoka mfululizo, hata wiki mbaya. Na nyuma ya jina kulikuwa na taasisi inayojulikana, ICCN, ambayo mtu angeweza kuiuliza kama mlinzi fulani yupo kweli.

Kuna jambo la tano, nalo linauma kidogo. Habari hizo zilitoka kwa Kiingereza. Ziliwalenga wenye uwezo wa kutoa msaada, na wao walizisoma. Mkulima wa Kalengera au Rugari, ambaye shamba lake linapakana na mbuga na ambaye alikuwa akikimbia vita ile ile, hakuweza kuzisoma. Kwa hiyo anayechagua mahali pa kuandika na lugha ya kuandikia anachagua pia nani atamsikia na nani ataachwa nje.

Anwani nayo haikubaki moja. Kurasa zilianzia kwa WildlifeDirect, baadaye mbuga ikatumia gorilla.cd, na leo inajulikana kwa virunga.org. Wasomaji waliendelea kuwafuata kwa sababu jina la mbuga lilihama pamoja na kazi yake.

Wakati wa siberi

Goma ya mwaka 2002 ilianza vibaya. Tarehe 17 mwezi wa kwanza, Nyiragongo ililipuka na lava ikapita katikati ya mji. Mwezi uliofuata, tarehe 25, Radio Okapi ilianza kusikika, ikiongozwa na Umoja wa Mataifa pamoja na Fondation Hirondelle ya Uswisi, ikitangaza kwa Kifaransa na lugha nne za taifa, Kiswahili kikiwemo. Kizazi kizima cha vijana kiliona kwamba uandishi wa habari unaweza kuwa kazi yenye mshahara.

Intaneti wakati ule ilikuwa ya siberi. Mtu alilipa kwa saa, akasubiri ukurasa ufunguke polepole, akaangalia barua zake haraka kabla dakika hazijaisha. Katika nchi zinazosema Kifaransa, jina lililovuma kwa vijana lilikuwa Skyblog. Redio ya Paris, Skyrock, iliizindua mwezi wa kumi na mbili mwaka 2002. Ilikuwa ya bure na rahisi: picha, maneno machache, salamu za marafiki. Lakini ilijengwa kwa ajili ya vijana wa shule, na ilionekana hivyo. Mtu aliyeweka anwani ya Skyblog kwenye CV alikuwa kama anayekwenda kwenye mazungumzo ya kazi amevaa jezi ya mpira.

Watu wazima walielekea kwingine. Blogger, iliyoanzishwa na kampuni ndogo ya Pyra Labs huko Marekani mwaka 1999, ilinunuliwa na Google mwaka 2003 na kutoa bure anwani zinazoishia na blogspot.com. Mwaka huo huo wa 2003 ilitoka programu ya WordPress, kazi ya Matt Mullenweg na Mike Little, ambayo mtu yeyote anaweza kuichukua na kuiweka kwenye mashine yake mwenyewe. Leo WordPress inaendesha zaidi ya tovuti 4 kati ya kila 10 duniani.

Kwa wasomaji wa Kiswahili, mfano mkubwa ulitoka Tanzania. Ndesanjo Macha alikuwa amefungua njia kwa blogu yake ya Kiswahili, Jikomboe. Mwaka 2005 Muhidin Issa Michuzi, mpiga picha wa gazeti la serikali la Daily News, alianza blogu yake kwenye blogspot. Anwani ilikuwa ya bure, na sura yake ilikuwa ya kawaida kabisa: picha, maelezo mafupi, picha nyingine. Lakini ilijaa habari mpya kila siku, mwaka baada ya mwaka, mpaka Watanzania walioko ng'ambo wakawa wanaamka nayo. Michuzi baadaye alifanya kazi na Ikulu wakati wa Rais Jakaya Kikwete. Hakuna aliyemdharau kwa sababu ya neno blogspot, kwa kuwa wasomaji walikuwa wameona kazi yake.

Nyumba zilizoanguka

Watu wa Rutshuru hawahitaji kufundishwa kwamba nyumba inaweza kutoweka usiku mmoja. Intaneti nayo ina historia hiyo, ingawa wengi wanadhani kilichoandikwa mle kinakaa milele.

Hata nchi iliwahi kupoteza anwani yake. Wakati wa Mobutu, tovuti za Zaire ziliishia na .zr. Mwezi wa tano mwaka 1997 Zaire ikawa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mwaka huo huo ikapewa .cd, na mwaka 2001 .zr ikafutwa kabisa. Aliyekuwa ameiandika kwenye karatasi zake alibaki na anwani isiyofika popote.

Mwaka 2009 Yahoo ilifunga GeoCities, ambako mamilioni ya watu walikuwa wamejenga kurasa zao za kwanza. Posterous, iliyosifiwa sana kwa urahisi wake, ilinunuliwa na Twitter mwaka 2012, na tarehe 30 mwezi wa nne mwaka 2013 ikafungwa. Skyblog nayo ilizimwa tarehe 21 mwezi wa nane mwaka 2023. Maktaba ya Taifa ya Ufaransa na taasisi ya INA zilihifadhi sehemu ya kurasa hizo, lakini hifadhi ya namna hiyo haimsaidii mtu ambaye mwenye kazi anabonyeza anwani kwenye CV yake leo na kukuta hakuna kitu.

Serikali nazo zina mkono. Mwezi wa kwanza mwaka 2015, wakati wa maandamano juu ya sheria ya uchaguzi, intaneti ilikatwa Kongo. Ilikatwa tena kuanzia tarehe 31 mwezi wa kumi na mbili mwaka 2018, baada ya uchaguzi, kwa karibu siku 20. Tanzania, mwaka huo huo wa 2018, iliweka kanuni zilizowataka wenye blogu kulipia leseni: shilingi 1,000,000 kwa leseni yenyewe, mbali na pesa za maombi na ada ya kila mwaka. Wanablogu wengi wadogo walifunga milango. Kongo nayo, tarehe 13 mwezi wa tatu mwaka 2023, ilipata sheria mpya ya vyombo vya habari na sheria mpya ya mambo ya kidijitali, na zote zinawagusa wanaotoa habari kwenye intaneti.

Kutokana na mambo hayo, mwombaji kazi afikirie kwanza siku jukwaa litakapofungwa: je, kazi yake anaweza kuichukua na kuondoka nayo? Sura nzuri ya leo ije baadaye. Blogger na WordPress zinamruhusu mtu kupakua maandishi yake yote katika faili moja na kuyapeleka kwingine. Ukurasa wa Facebook ni mgumu zaidi kuuhamisha ukabaki na umbo lake, na kundi la WhatsApp halina umbo la kuhamisha. Simu ikiibiwa njiani wakati wa kukimbia, vimekwenda.

Nyumba zenye mlinzi mlangoni

Kuna njia nyingine ambayo vijana wa Kongo waliitumia vizuri: kuandika katika nyumba ambayo haimpokei kila mtu. Mwaka 2010 RFI, redio ya kimataifa ya Ufaransa, ilizindua Mondoblog, ambako wanablogu wa nchi zinazosema Kifaransa walichaguliwa kwa mashindano na kupewa mafunzo. Mwaka 2016 ilizinduliwa Habari RDC, mtandao wa vijana wanablogu wa Kongo, kwa msaada wa RNW Media ya Uholanzi. Humo maandishi yanapita mikononi mwa mhariri kabla ya kutoka.

Kwa mwajiri, hilo lina uzito. Anapoona makala yenye jina la mwombaji katika nyumba ya namna hiyo, anajua kuna mtu mwingine aliyeisoma, akaisahihisha, akakubali kuiweka chini ya jina la nyumba yake. Ni kama barua ya mdhamini. Upungufu wake ni ule wa mpangaji yeyote: mradi ukiisha, wafadhili wakiondoka, mwenye nyumba ndiye anayeamua kurasa zikae au zifutwe. Anayeandika humo aweke nakala zake pembeni.

LinkedIn, iliyofunguliwa mwaka 2003, ni sokoni kwenyewe, mahali waajiri wanapotafuta watu. Ina faida ya kuonyesha jina, masomo na kazi zilizopita pamoja. Lakini msomaji asiye na akaunti mara nyingi anaombwa kujiandikisha kabla ya kusoma. Medium, iliyoanzishwa mwaka 2012 na Evan Williams, mmoja wa waanzilishi wa Blogger, ina kurasa safi sana, ila baadhi ya makala hufungwa kwa wasiolipa. Mkuu wa shirika anayesoma maombi mengi kwa simu, kwa mega zake mwenyewe, hatahangaika na mlango uliofungwa. Atafungua mwombaji anayefuata.

Bei ya jina lako

Kinachoonekana cha kitaalamu zaidi, kwa maoni ya wengi, ni anwani yenye jina la mtu mwenyewe, bila neno blogspot wala wordpress ndani yake. Anwani ya kawaida inayoishia na .com inagharimu kama dola 10 hadi 15 kwa mwaka. Blogger inaruhusu kuunganisha anwani hiyo na blogu ya bure bila malipo mengine, WordPress.com inataka mtu alipe mpango wake kwanza. Faida kubwa ni ile iliyoonekana Rumangabo: ukihama jukwaa, jina linakwenda nawe, na anwani iliyo kwenye CV ya zamani bado inafika.

Lakini kwa mtu wa Kalengera, dola 15 ni siku nyingi za kulima shamba la mwingine, na wauzaji wengi wa anwani wanataka kadi ya benki. Tangu M23 ilipoingia Goma mwishoni mwa mwezi wa kwanza mwaka 2025, benki za biashara zilifunga milango na pesa taslimu zikawa shida. Asiyelipa mwaka unapofika anapoteza jina, na mtu mwingine anaweza kulinunua na kuweka humo anachotaka. Anwani iliyogeuka ukurasa wa kamari, huku jina la mwombaji likiwa juu yake, ni mbaya kuliko kutokuwa na anwani. Kwa hiyo mwenye uhakika wa kulipa kila mwaka, ndugu yake aliye Kampala au Nairobi akimsaidia, anunue. Asiye na uhakika achukue anwani ya bure yenye jina lake kamili, na asione aibu. Michuzi alianza hivyo.

Kuna bei nyingine ambayo haihesabiwi kwa dola. Mwajiri anataka jina kamili, picha na namba ya simu. Mashariki mwa Kongo, vitu hivyo hivyo vinamwonyesha mwandishi kwa mtu asiyempenda. Serge Maheshe wa Radio Okapi aliuawa Bukavu mwezi wa sita mwaka 2007. Mwenzake Didace Namujimbo aliuawa mji huo huo mwezi wa kumi na moja mwaka 2008. Hakuna kazi inayostahili kulipiwa hivyo. Waandishi wenye busara wanatenganisha: kwenye blogu ya kuonyesha mwajiri wanaweka habari za kilimo, masoko, afya, shule, michezo, historia ya kijiji, na picha zisizoonyesha nyumba zao. Habari za hatari zinabaki kwa chombo chenye mhariri na uwezo wa kumlinda mtu wake.

Kinachobaki

Historia ya miaka 20 na zaidi haionyeshi jukwaa moja lililo bora siku zote. Inaonyesha kwamba wasomaji wa walinzi wa Rumangabo na wa Michuzi waliamini vitu vile vile: jina linalolingana na mtu, tarehe zinazofuatana bila pengo la miezi, lugha safi ambayo msomaji anaielewa, na ukurasa mfupi unaoeleza mwandishi ni nani na anapatikanaje. Kwa kijana anayeanza leo, Blogger au WordPress ya bure inatosha. Makala 10 nzuri zenye tarehe zina nguvu kuliko ukurasa wenye rangi nyingi na makala 2. Makala za Kifaransa ziwepo kwa ajili ya mwajiri wa Goma. Za Kiswahili ziwepo kwa ajili ya wakaaji, ambao ndio watakaosema kama habari ni ya kweli.

Na kila mwisho wa mwezi, apakue nakala ya kazi yake yote, aiweke kwenye kadi ya simu, na nyingine aitume kwenye barua pepe yake mwenyewe. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Katika barabara hii, ambako watu wamekimbia mwaka 2008, 2012 na 2022 wakiwa wamebeba godoro na sufuria, wengi waliacha diploma ndani ya nyumba na hawakuziona tena. Kazi iliyoandikwa na kuhifadhiwa mahali pawili haihitaji kubebwa kichwani.